Babu 'anayechelewa' wa Illasit

UKIFIKA Illasit kwa mara ya kwanza, macho yako hayatapata nafasi ya kuutazama mji. Yatavutwa na mlima. Kilimanjaro umekaa pale ng'ambo ya mpaka kama mwenye nyumba aliyeketi barazani, Mawenzi upande wa kushoto na meno yake makali, Kibo upande wa kulia na kipara chake cheupe. Wenyeji hawashughuliki nao. Mama anayepanga nyanya zake mafungu mafungu huupa mlima mgongo siku nzima, na ukimuuliza habari zake atakuambia tu kwamba leo umejifunika, huenda mvua ikanyesha.

Mimi sikwenda kuutazama mlima. Nilikwenda harusini, na jambo nililolipata huko silo nililokuwa nimelifungia safari.

Tuliondoka Kitengela alfajiri ya Ijumaa, tukaishika barabara ya Mombasa pale Athi River, tukapita Salama na Sultan Hamud, na tulipofika Emali tukakata kulia. Kutoka hapo ni lami hadi Kimana na Loitokitok, migunga huku na huku, na mara moja moja punda wamesimama katikati ya barabara kana kwamba wao ndio walioijenga. Loitokitok nilibadilisha gari, nikabanwa ndani ya Probox pamoja na kreti mbili za soda na mzee mmoja aliyekuwa na kuku mapajani. Kuku huyo alitulia kuliko abiria wote.

Illasit ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Tarakea, katika wilaya ya Rombo, Tanzania, na watu huvuka kwenda na kurudi na vitunguu, maharagwe, mahindi na salamu. Ardhi ni ya Wamasai wa Ilkisongo, lakini mashamba ya kumwagilia maji yamewaleta Wakamba, Wakikuyu na Wachaga, na wote wamekaa, wakaoana, wakazaa. Basi hata sauti za mji zimechanganyika. Kwenye baa moja nilisikia benga, kwenye duka la nafaka lililokuwa karibu redio iliimba bongo fleva, na kati ya vyote viwili ulipita mkokoteni wa punda wenye gurudumu bovu: ki-iki, ki-iki, ki-iki. Kumbukeni mkokoteni huo, maana tutarudi kwake.

Bibi harusi alikuwa binti wa rafiki yangu wa tangu chuoni. Babu yake mzaa baba alihamia hapa kutoka Machakos miaka mingi iliyopita, na katika ujana wake alifanya kazi Nairobi na kujifunza gitaa huko. Bwana harusi ni Mmasai wa papo hapo. Binti alikuwa na ombi moja tu: siku ya kuingia ukumbini aongozwe na gitaa la babu yake, pamoja na kwaya. Ombi dogo, au ndivyo tulivyodhani.

Jioni hiyo ya Ijumaa nilikwenda kuwatazama wakifanya mazoezi katika kanisa la mabati. Kwaya ilikuwa imejipanga, akina mama mbele, vijana nyuma. Pembeni alikaa kijana mwenye kinanda cha umeme, na simu yake imeunganishwa kwa waya hadi kwenye spika. Ndani ya simu mlikuwa na programu ya kupiga dramu. Babu alikaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa lake kavu limeshikiliwa na utepe wa gundi kwenye ubavu. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama wapigaji wa zamani.

Wakaanza. Baada ya nusu dakika wakasimama. Wakaanza tena. Wakasimama tena.

"Babu," kijana alisema kwa upole, maana ana adabu, "unachelewa kidogo."

"Sichelewi," mzee akajibu.

"Unachelewa, Babu. Sikiliza dramu."

"Nimesikiliza. Hiyo yako ndiyo inakimbia."

Wakajaribu mara ya tatu. Mwalimu wa kwaya alimvuta rafiki yangu kando, nami nikasikia kwa sababu kanisa la mabati halina siri. Alisema labda babu akae tu mbele kwa heshima, ashike gitaa lake, lakini kamba zisiunganishwe na kipaza sauti. Rafiki yangu hakujibu. Alimtazama baba yake, mtu wa miaka themanini na kitu, akirekebisha kamba ambayo haikuwa na kosa lolote.

Hapo nilikumbuka kitu ambacho sikukipenda. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano nilipiga gitaa katika bendi ya shule. Mwalimu mmoja alinigonga vidole kwa rula mara tatu mbele ya wenzangu kwa neno hilo hilo, "unachelewa", nami nikalirudisha gitaa stoo na sikuligusa tena. Kwa hivyo nilikuwa na sababu yangu ya kuinuka kwenye benchi na kujitia kimbelembele katika mambo ya kwaya ya watu.

Niliwaomba jambo moja. Babu apige makofi pale mguu wake unapogonga sakafu tu, na kijana aache dramu ile kubwa peke yake, ile ya chini, bila mapambo. Wakafanya hivyo. Makofi na dramu yalikwenda pamoja kama jozi ya viatu, dakika nzima bila kuachana. Mzee hakuchelewa hata chembe. Kwaya ilianza kunong'ona.

Sasa wapi palipokuwa na kosa? Msomaji, chukua chapati moja uwape watoto wawili. Unaweza kuikata katikati, kila mmoja apate nusu sawasawa. Au unaweza kumpa mkubwa kipande kikubwa na mdogo kipande kidogo. Chapati ni ile ile moja, haikuongezeka wala haikupungua, na watamaliza kula ndipo ije nyingine. Pigo la muziki ni chapati. Mashine ya kijana ilikuwa ikilikata kila pigo katikati: ta-ta, ta-ta, ta-ta. Babu alikuwa akimpa mkubwa sehemu kama mbili kati ya tatu, na mdogo sehemu moja: taa-ta, taa-ta, taa-ta. Wote walianza kila chapati kwa wakati mmoja. Lakini kipande cha pili cha babu kilifika baada ya kile cha mashine, na sikio lisilojua huita jambo hilo kuchelewa.

Wanamuziki wa Kizungu huuita mdundo wa kwanza mdundo ulionyooka, na wa pili huuita swingi, yaani bembea. Jina si baya. Mtoto aliye kwenye bembea hakai muda sawa kila mahali. Hukawia kule juu, halafu hushuka kwa haraka. Mimi ningeuita mdundo wa kuchechemea, kwa sababu ya ule mkokoteni wa punda. Gurudumu zima huenda kwa usawa. Gurudumu bovu huvuta, likaruka, likavuta, likaruka, na bado maji hufika nyumbani saa ile ile.

Kama hukuelewa bado, kinywa chako mwenyewe kitakufundisha. Soma maneno haya kama mtoto wa chekechea anayesoma ubaoni, kila silabi kwa kipimo kimoja: ba-ba, ma-ma, ka-ka, da-da. Huo ndio mdundo ulionyooka. Sasa simama mlangoni uwaite watu hao wako mbali shambani: baaba, maama, kaaka, daada. Kiswahili chenyewe hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na unapoita, silabi hiyo hujivuta. Umeshabembea bila kwenda chuo cha muziki. Akina mama wa kwaya walipojaribu, walicheka sana, na mmoja akasema kumbe tangu azaliwe amekuwa akimwita mumewe kwa muziki.

Swali lililobaki ni babu aliutoa wapi mdundo huu. Nilimuuliza tukiwa tumekaa nje, chai ya maziwa mkononi. Alicheka akasema, "Huo ulikuwa ndio muziki wenyewe, kijana wangu. Nyinyi ndio mmeunyoosha."

Na si uongo. Katika miaka ya 1930 na 1940 bendi kubwa za Marekani, kama zile za Duke Ellington na Count Basie, ziliusambaza mdundo wa swingi duniani kwa sahani za santuri. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wengi wa Afrika Mashariki kwenda ng'ambo, wakasikia huko muziki ambao vijiji vyao havikuwa vimeusikia. Katika miaka ya 1950 vijana wa Afrika Kusini walishika filimbi za bati wakapiga kwela, ambayo hubembea waziwazi, na sahani hizo zikafika Nairobi. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa amekwisha kuwafundisha wenzake kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili, mtindo wa omutibo, huku mwenzake akigonga chupa ya Fanta kwa chuma. Kisha wakaja akina Daudi Kabaka na Fadhili William katika studio za Equator Sound jijini, na jina likatoka: African Twist. Wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ulivuka hadi Uingereza, ambako kundi la The Tremeloes liliurekodi mwaka 1968. Babu alicheza dansi hizo akiwa kijana mwenye suruali ya kubana. Alinionyesha kwa mikono jinsi ilivyokuwa ikibana, sikuhitaji maelezo zaidi.

Nami nimewahi kujiuliza kitu cha ajabu. Afrika Mashariki na Kongo zilijaa bendi zilizojiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Shirati Jazz ya D. O. Misiani, na OK Jazz ya Franco kule Kinshasa. Ukisikiliza, nyingi zilipiga rumba iliyotokana na sahani za Kuba, au benga, na humo gitaa hukata chapati katikati, sawasawa, haraka na safi. Jina lilikuwa la Marekani, mdundo ulikuwa wa kwingine. Ilhali wale wa Twist, ambao hawakujiita Jazz, ndio waliobembea. Watu hupokea jina huku, wakapokea mdundo kule, na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kosa hilo.

Benga ilishinda. Vijana waliozaliwa baadaye walikua na mdundo ulionyooka kwenye redio, kwenye matatu, halafu kwenye kompyuta. Si kwamba mdundo huo ni duni. Mtu akisema hivyo mbele ya shabiki wa benga pale Illasit, atajilipia mwenyewe nauli ya kurudi. Ila sikio lililolelewa na mmoja husikia wa pili kama kosa.

Tuliporudi ndani, kijana wa kinanda alikuwa ameinamia simu yake. Sikumwambia neno, alikuwa amesikia mazungumzo yetu na kuyatafuta mwenyewe. Ndani ya ile programu alikuta kitufe kidogo chenye neno swingi na namba: 50. Yaani kipande cha kwanza cha chapati ni 50 kwa mia, na cha pili vilevile. Mashine za dramu zimekuwa na kitufe cha aina hiyo tangu miaka ya 1980, baada ya fundi Mmarekani Roger Linn kukiweka kwenye mashine zake, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa ngumu kama fimbo. Namba ikipanda hadi 66, unapata zile sehemu mbili kwa moja.

Kijana akaweka 66. "Babu, hebu."

Babu alipiga kidogo akatikisa kichwa. "Sasa umezidisha. Huyo anachechemea kama aliyevunjika mguu."

Akaweka 60. Babu akanyamaza, akapiga, mguu wake ukaanza kugonga. Akina mama walianza kuimba bila kuambiwa. 62, ikawa bora zaidi. Kijana alikata utepe mweupe, akaandika namba hiyo kwa kalamu na kuubandika nyuma ya simu, akiwa na uso wa mtu aliyepata hazina.

Furaha ilidumu dakika tano. Mwalimu wa kwaya aliwakumbusha kwamba bibi harusi ataingia polepole, lakini akishafika katikati ya ukumbi wimbo utaongezwa kasi ili watu wacheze. Waliongeza kasi, na babu na mashine wakaachana tena. Safari hii mashine ndiyo iliyokuwa ikichechemea kupita kiasi. Babu alikuwa ameanza kunyoosha.

Kijana alimtazama kana kwamba amesalitiwa. "Babu, umebadilisha!"

"Sijabadilisha. Ni mbio."

Hapa pia mzee alikuwa na haki, na kuna wasomi wa kumshuhudia. Watafiti wawili wa Sweden, Anders Friberg na Andreas Sundström, walipima upigaji wa wapiga dramu mashuhuri wa jazz na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waligundua kwamba wimbo ukiwa wa polepole sana, kipande kirefu huweza kufika mara tatu na nusu ya kile kifupi, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo vipande vinavyokaribiana, hata mwishoni kuwa karibu sawa. Hakuna namba moja. Ukitembea kwa maringo unaweza kuvuta mguu upendavyo. Ukikimbizwa na nyati huna muda wa maringo, hatua zako zote zitalingana.

Simu haikujua hayo. Ilishikilia 62 yake polepole na mbio vilevile, kama askari wa zamu aliyeambiwa asiondoke getini.

Ufumbuzi ulitoka kwa mke wa babu, ambaye jioni nzima alikuwa akichambua maharagwe kwenye benchi la nyuma. Aliinuka, akaenda kwenye kreti za soda, akarudi na chupa tupu ya Fanta na kijiko. Akakaa karibu na mumewe, akaanza kugonga. Hakusema neno. Mzee aliongeza kasi, chupa ikafuata. Alipunguza, chupa ikapunguza, na ule uwiano wao ukapanda na kushuka pamoja. Nilimuuliza baadaye amejifunza wapi, akaniambia, "Baba, mimi nimeishi na huyu mtu miaka hamsini na mitano. Nikishindwa kujua anakwenda wapi, nitakuwa nilikuwa wapi?"

Waliamua dramu ya simu ipige yale mapigo makubwa tu, na vipande viachiwe chupa na gitaa. Mwalimu wa kwaya mwenyewe ndiye aliyekwenda kuweka kipaza sauti mbele ya babu.

Harusi yenyewe nisiieleze sana, maana harusi zote ni nzuri kwa waliokuwepo. Nitasema tu kwamba binti aliingia polepole, babu akaivuta ile silabi ndefu mpaka nikadhani hataiachilia, na rafiki yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia tangu chuoni, alitoka nje kutazama mlima ghafla. Ulikuwa umejifunika.

Ila lipo jambo moja zaidi. Wakwe walipoingia, wanaume wa Kimasai waliimba. Hawakuwa na ngoma. Wamasai kwa desturi hawapigi ngoma. Alitangulia olaranyani, kiongozi wa wimbo, akatupa mstari wake juu, na wenzake wakamjibu kwa mngurumo wa kooni, pumzi ndani, pumzi nje, huyu akiziba pengo la yule. Vichwa na shingo vilikwenda mbele na kurudi nyuma, na shanga za akina mama zikapanda na kushuka mabegani kwa wakati huo huo.

Kijana wa kinanda alikuwa amesimama kando yangu, kidole juu ya kile kitufe. Alisikiliza, akasogeza namba hadi 55, akasikiliza, akaipeleka 64, akairudisha. Halafu akaizima simu na kuitia mfukoni, akaenda kusimama karibu na waimbaji ili aone vizuri miguu yao.

Nililala Illasit usiku huo. Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta Probox ya Loitokitok, nilipita kanisani kuaga. Kijana alikuwa akiandaa vyombo vya ibada. Ule utepe wenye 62 ulikuwa bado nyuma ya simu, lakini kitufe alikuwa amekirudisha kwenye 50.

"Nyimbo za leo zinataka sawa," aliniambia.

Nikamuuliza chupa iko wapi. Alinionyesha kwa kidevu. Kule nyuma, chini ya benchi la mwisho, mtoto wa miaka kama sita alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, kijiko kwa mkono wa kulia, akijaribu: taa-ta, taa-ta. Alikosea, akaanza upya.